Rotaract, Leo, JCI au Msalaba Mwekundu: kijana ajiunge wapi?

Kwa kawaida huanza na kundi la WhatsApp. Rafiki kakuongeza bila kukuuliza, ukifungua unakuta bango la kuchangia damu, picha za vijana wamevaa fulana za rangi moja, na ujumbe wa "karibu mgeni wetu, jitambulishe". Wiki haijaisha, mfanyakazi mwenzako naye anakuvuta kwenye klabu nyingine, fulana rangi nyingine. Ukiwauliza wote wawili chama chao kinafanya nini, jibu ni moja: tunahudumia jamii, tunajifunza uongozi, tunajuana na watu.

Wote wanasema kweli, ndiyo maana jibu hilo halikusaidii kuchagua. Hapa nimechukua vyama vinne ambavyo kijana wa Dar es Salaam, Arusha, Mwanza, Nairobi au Mombasa anaweza kuvikuta bila kusafiri mbali: Rotaract (klabu za vijana za Rotary), Leo (klabu za vijana za Lions), JCI (Junior Chamber International, chama cha vijana viongozi na wajasiriamali) na vijana wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu. Nakiri mapema kwamba hiki cha nne wengine hawakiiti klabu. Nimekiweka kwa sababu wanaohangaika kuchagua mara nyingi wanakifikiria pia, na kwa baadhi yao ndicho kinachofaa.

Mambo ya kupimia

Kila chama nitakipima kwa mambo manne. Kwanza, umri: unaingia lini na mlango wa kutokea uko wapi. Pili, nani yuko juu yenu, maana chama chenye mzee wa kuwalea na chama kisicho naye havifundishi uongozi wa aina moja. Tatu, mfuko: ada, na hasa yale yasiyoandikwa kwenye fomu ya ada. Nne, kazi yenyewe na uongozi unaotokana nayo.

Ili tusibaki hewani, vyote vinne nitavipitisha kwenye Jumamosi moja: siku ya kuchangia damu, watu wa Damu Salama, mpango wa taifa wa kukusanya damu, wamekuja na vitanda vyao. Siku za namna hii wanachama wa vyama vyote vinne hushiriki. Ila mahali utakapokuwa umesimama wewe saa nne asubuhi hapafanani.

Rotaract

*Umri.* Kuanzia miaka 18. Zamani ukifika 30 unaagwa kwa keki. Tangu Julai 2020 ukomo huo umeondolewa duniani, ingawa klabu moja moja inaweza kujiwekea wake. Kuna klabu za vyuoni na za mtaani. Tofauti yake usiidharau: ya chuoni hupungua watu wakati wa mitihani na likizo, ya mtaani ina watu wa kazi wanaofika saa mbili usiku wakiwa wamechoka.

*Nani yuko juu.* Rotary, chama kilichoanzishwa Chicago mwaka 1905. Klabu ya kwanza ya Rotaract ilipewa hati mwaka 1968 huko Charlotte, North Carolina, na kwa miaka hamsini hivi Rotaract ilihesabiwa kuwa programu ya vijana chini ya wakubwa. Mwaka 2019 Rotary ikapitisha kwamba Rotaract nayo ni uanachama kamili. Sasa klabu inaweza kuanzishwa hata bila Rotary ya kuilea, na tangu Julai 2022 inaweza kuomba yenyewe ruzuku kubwa za kimataifa za mfuko wa Rotary. Hata hivyo, klabu nyingi zina mlezi, na nadhani ni heri. Hapo ndipo kijana wa miaka 23 anapokaa meza moja na wakili, daktari na mkandarasi, akajifunza kuwaomba fedha bila kujikunjakunja.

*Mfuko.* Makao makuu hutoza dola 8 kwa mwaka kwa kila mwanachama wa klabu ya mtaani, dola 5 kwa wa chuoni. Hiyo ndiyo sehemu rahisi. Juu yake kuna ada ya klabu, fulana, nauli, sherehe ya kupokezana madaraka ambayo huwa ya suti na gauni refu, na mkutano mkuu wa mwaka ambao ukifanyika mji mwingine unalipa usafiri na hoteli. Halafu kuna faini. Katika klabu zinazofuata desturi za Rotary kuna ofisa wa nidhamu ambaye kazi yake ni kuzunguka na kopo: umechelewa, toa, simu imelia, toa, umepandishwa cheo kazini hukutuambia, toa zaidi. Ni mchezo, na pesa huenda kwenye miradi, lakini kama umebakiza nauli ya kurudia tu, mchezo huo hauchekeshi. Sema mapema, klabu nzuri itakuelewa.

*Kazi na uongozi.* Rotary ina maeneo saba ya kazi, kuanzia maji na afya ya mama na mtoto hadi mazingira, na juu ya yote vita ya polio iliyoanza 1985. Kwa hiyo Rotaract inagusa karibu kila kitu. Dar es Salaam, mbio za Rotary Dar Marathon hukimbiwa tarehe 14 Oktoba, siku ya kumkumbuka Mwalimu Nyerere. Ukitaka kuwaona watu wa familia hii wakiwa kazini bila kualikwa, nenda siku hiyo.

Jumamosi ya damu utakuta umeandika barua ya kuomba juisi na maji kwa kampuni fulani, umefuatilia kibali cha uwanja, umegombana na fundi wa mabango, na saa nne asubuhi unampigia mtu wa mahema ambaye kasema yuko njiani tangu saa moja. Huo ndio uongozi wa Rotaract: kuunganisha watu na vitu mpaka jambo litokee. Mwaka wao unaanza tarehe 1 Julai na kuisha 30 Juni, na rais hubadilika, kwa hiyo mtu mwenye bidii anaweza kupanda kutoka mgeni hadi rais kwa miaka michache. Ubaya wake ni huohuo. Rais mpya anataka mradi wake, kisima alichochimba mwenzake mwaka juzi hakuna anayekwenda kukitazama. Vyeo navyo ni vingi, nimeona klabu ambazo kila mtu ni mkurugenzi wa kitu na wa kufagia baada ya shughuli hakuna.

*Inamfaa* anayetaka mtandao mpana, anayefurahia watu, na anayeweza kuvumilia itifaki: kengele ikigongwa, maswali manne ya Rotary ya kupima ukweli na haki yakisomwa, wageni wakisimama kujitambulisha.

Leo

*Umri.* Leo wa daraja la Alpha ni wa miaka 12 hadi 18, wa Omega ni 18 hadi 30. Ukifika hapo umemaliza. Anayejiunga akiwa na miaka 28 ana muda wa kupiga picha mbili tatu tu, afikirie mara mbili.

*Nani yuko juu.* Lions, waliozaliwa Chicago mwaka 1917. Leo yenyewe ilianzia shule ya sekondari ya Abington, Pennsylvania, mwaka 1957, na Lions wakaifanya programu yao rasmi miaka kumi baadaye. Hapa mlezi ni lazima: klabu ya Leo hufadhiliwa na klabu ya Lions na kupewa mshauri, mtu mzima anayehudhuria vikao na anayeulizwa kabla ya maamuzi makubwa. Kwa kijana aliyezoea kujiamulia, hilo hubana. Kwa aliyetoka kwenye nyumba ambayo hakuna mtu aliyewahi kufungua akaunti ya chama wala kuandika muhtasari wa kikao, kuwa na mtu wa kumwuliza "hivi hii tunafanyaje?" ni bahati.

*Mfuko.* Kwa kawaida mwepesi kuliko wa Rotaract, kwa kuwa mlezi hubeba sehemu ya gharama za klabu kwa makao makuu. Ada ya ndani hupangwa na klabu. Faini zipo hapa pia, ni desturi ya Lions.

*Kazi na uongozi.* Hapa ndipo Leo inapojitofautisha. Mwaka 1925 Helen Keller aliwaomba Lions wawe watetezi wa vipofu, nao tangu siku hiyo hawajaacha kazi ya macho. Nairobi wana hospitali ya macho ya Lions SightFirst, pale Loresho. Wana pia kisukari, njaa, mazingira na saratani za watoto, lakini macho ndiyo alama yao.

Kwa hiyo Jumamosi ya damu, pembeni ya hema la damu utakuta meza ya kupima sukari na, mita sita kutoka kwenye kiti, ubao wa herufi. Wewe ndiye umesimama kwenye ubao. Bibi kakaa kitini, kafunika jicho moja kwa kiganja, na kwa kuwa hasomi mmemwekea ubao wa herufi E zilizogeuzwa huku na huku. Anaonyesha kwa vidole vitatu miguu ya E inaelekea wapi. Juu, chini, kulia. Mstari wa nne vidole vinasita. Unaandika kwenye karatasi, unamwelekeza kwa mtaalamu, maana huenda ni miwani, huenda ni mtoto wa jicho. Katika vyama vyote vinne, sidhani kuna kazi inayomwonyesha kijana faida yake kwa macho haraka hivi.

Uongozi wake ni wa kulelewa: rais, katibu na mweka hazina wapo, mwaka ni Julai hadi Juni vilevile, ila ngazi si ndefu. Anayeendelea kuwa Lion baada ya hapo huthaminiwa miaka yake ya Leo na hupata nafuu ya ada akiwa bado kijana.

*Inamfaa* aliye chini ya miaka 25, anayetaka kazi inayoonekana na mkono wa mtu mzima karibu. Kama umeshawahi kuongoza serikali ya wanafunzi ukapigana na utawala ukashinda, huenda utapaona padogo.

JCI

*Umri.* Miaka 18 hadi 40. Ni pana, na hiyo inabadilisha hewa ya chumba: utakaa na watu wenye biashara, wenye watoto wa kusomesha na wenye madeni ya benki.

*Nani yuko juu.* Hakuna mzee. Harakati hii ilianzia St. Louis, Marekani, mwaka 1915, chini ya kijana aliyeitwa Henry Giessenbier, na JCI ya kimataifa ikaundwa Mexico City mwaka 1944. Juu ya tawi lenu kuna chama cha taifa, nacho kinaongozwa na vijana wenzenu. Mweka hazina akivuruga hesabu hakuna Rotary wala Lions wa kufunika shimo. Wengine huona hatari, mimi naona ndiyo shule yenyewe.

*Mfuko.* Jitayarishe. Ada ya tawi hubeba ndani yake ya taifa na ya kimataifa, na mafunzo, makongamano na chakula cha jioni cha tuzo hufuatana. Si lazima uende kote. Lakini asiyekwenda popote atakosa nusu ya kile chama hiki kinachokiuza.

*Kazi na uongozi.* JCI inagawa fursa zake mafungu manne: mtu binafsi, biashara, jamii na kimataifa. Utafundishwa kusimama mbele ya watu, kuendesha kikao kwa kanuni, kufanya mjadala. Mwaka wao ni Januari hadi Desemba, na cheo ni cha mwaka mmoja mmoja. Ukitaka, kila mwaka unashika kiti tofauti.

Jumamosi ya damu, mwana JCI alianza kazi miezi miwili nyuma. Kauliza kwanza: kwa nini damu hupungua wakati wa likizo? Kwa sababu wanafunzi wa sekondari ni wachangiaji wakubwa, shule zikifungwa vitanda vinakaa wazi. Basi kaenda kwenye kampuni kuomba wafanyakazi wachangie Juni na Desemba, kaandika makubaliano, na baada ya shughuli ataandika taarifa ya nini kimebadilika. Kwenye karatasi ni mtindo mzuri kuliko wote. Kwenye utendaji nimeona taarifa yenye kurasa nyingi kuliko waliochangia, imeandikwa kwa ajili ya kushindania tuzo.

Jambo moja la kulijua kabla hujasimama: JCI ina tamko lake linalosomwa vikaoni, na ndani yake kuna imani kwa Mungu na kuna biashara huria. Wengi wetu hatutapata shida, lakini lisome nyumbani kwanza, uamue mwenyewe kama ni maneno yako.

*Inamfaa* mjasiriamali, mtu wa miaka thelathini na kitu aliyedhani amechelewa, na yeyote anayetetemeka akipewa kipaza sauti.

Vijana wa Msalaba Mwekundu

*Umri.* Hakuna haraka wala ukomo wa kukutoa. Unaweza kuanza ukiwa mwanafunzi ukazeeka nacho.

*Nani yuko juu.* Hiki si klabu ya marafiki waliokubaliana. Ni chama kilichoundwa kwa sheria ya Bunge, Tanzania mwaka 1962 na Kenya mwaka 1965, na kina wajibu wa kuisaidia serikali maafa yakitokea. Kwa hiyo kuna amri. Ukiambiwa usivuke kamba, huvuki. Kuna pia misingi saba, mojawapo kutoegemea upande. Msimu wa uchaguzi hilo linauma: huwezi kuvaa sare ya Msalaba Mwekundu asubuhi na jioni ukapanda jukwaa la chama. Kama siasa ndiyo ndoto yako ya karibuni, zingatia.

*Mfuko.* Mwepesi kwa ujumla. Kuna ada ya uanachama, kuna nauli zako. Posho huja pale mradi una fedha, usiifanye hesabu ya kodi ya nyumba. Wapo walioingia wakidhani ni mlango wa ajira, wakakaa mwaka mzima na kinyongo.

*Kazi na uongozi.* Huduma ya kwanza ndiyo lango. Baada ya mafunzo utawaona wenzako uwanjani na machela kwenye mechi kubwa, kwenye maandamano, kwenye mafuriko. Maporomoko ya tope yalipoishukia Katesh, Hanang, Desemba 2023, na jengo lilipoanguka Kariakoo Novemba 2024, wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu walikuwepo; Kenya vivyo hivyo kwenye mafuriko ya 2024. Si kazi ya picha. Utabeba majeruhi, na siku nyingine utabeba maiti. Uliza kama tawi lako lina utaratibu wa kuwaketisha watu na kuzungumza baada ya tukio kama hilo. Swali hili wageni hawaliulizi, na ndilo ningeanza nalo.

Jumamosi ya damu uko kwenye viti vya kupumzikia. Kijana mrefu, mwenye kifua, katoka kitandani akijisifu. Baada ya hatua tatu macho yanaanza kumlegea. Unamshika kabla hajaanguka, unamlaza, unainua miguu yake, unazungumza naye kwa sauti ya kawaida mpaka rangi irudi, ndipo juisi.

Matawi yana kamati zinazochaguliwa, lakini uwanjani kiongozi ni anayejua, na anayejua ni aliyekuja mara nyingi. Hakuna sherehe ya kumvika mtu mkufu kila Julai. Kwa mwenye njaa ya cheo hapa ni mahali pa kukaa muda mrefu bila kuonekana.

*Inamfaa* mtu mtulivu, mwenye afya, anayetaka ujuzi wa mikono, na asiyependa hotuba. Lugha nayo inasaidia: mikutano mingi ya Rotaract na JCI mijini huendeshwa kwa Kiingereza au mchanganyiko, wakati kazi za Msalaba Mwekundu huenda kwa Kiswahili cha mtaani.

Kabla hujalipa ada

Haya yote ni sura ya chama kwa ujumla. Tawi la karibu nawe linaweza kuwa bora au hovyo kuliko nilivyoeleza, na hilo lina uzito kuliko nembo. Usiende siku ya sherehe; kila tawi hupendeza siku ya sherehe. Nenda kikao cha kawaida, katikati ya mwaka wao, siku ya mvua ikibidi. Sikiliza kama mweka hazina anasoma hesabu au anasema "taarifa itakuja". Hesabu waliofika kwenye mradi uliopita na waliobaki kukunja viti. Angalia kikao kinaisha saa ngapi na kama daladala bado zipo, na kwa dada zetu, angalia wanavyosindikizwa na wanavyozungumziwa wakiwa hawapo. Tafuta mtu mmoja aliyetoka, umwulize alitokea mlango gani.

Kulingana na hali yako

Uko chuoni, fedha ni za kuhesabu, na hujawahi kuongoza chochote: anza na Leo au Rotaract ya chuo, yoyote ambayo mlezi wake anahudhuria kweli.

Umeanza kazi, umehamia mji usiojuana na mtu: Rotaract ya mtaani. Ingia Machi au Aprili, utaona uchaguzi na makabidhiano kabla hujabebeshwa cheo.

Una biashara ndogo au umepita 30: JCI. Mwisho wa mwaka ndio wanaopanga safu ya mwaka ujao, kwa hiyo fika mapema kabla ya hapo uwajue watu.

Unasomea uuguzi, udereva wa magari ya wagonjwa, ualimu, au una moyo tu wa kukimbilia mahali ambapo wengine wanapakimbia: Msalaba Mwekundu, na kozi ya huduma ya kwanza iwe ya kwanza kabla ya fulana.

Kazi yako ni ya zamu na huna jioni za uhakika: klabu za vikao vya kila wiki zitakuchosha na utageuka mdaiwa wa mahudhurio. Ulizia tawi linalokutana mara mbili kwa mwezi, au ujitolee kwa matukio.

Hakuna hata kimoja karibu nawe: Rotaract na JCI zina utaratibu wa kuanzisha klabu mpya, lakini huanza na watu zaidi ya marafiki watatu. Kikundi cha vijana cha msikiti, kanisa au mtaa chenye katiba na daftari la hesabu hakipungukiwi kitu. Na ukiwa Kenya na hujafika 26, skauti wa daraja la Jasiri nao waulizie.

Unavutwa na viwili kwa pamoja: klabu moja ya vikao na Msalaba Mwekundu huenda pamoja vizuri, kwa kuwa moja ina ratiba na nyingine ina simu ya dharura. Klabu mbili za vikao, hapana, labda kama huna kazi, huna mchumba na huna ligi ya kutazama.